Fidia, Ujira na Kifuta Machozi: Funzo la Kariakoo

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa nyaraka za serikali ni fidia, ujira na kifuta machozi. Zote hutaja fedha itoayo serikali, hivyo ni rahisi kudhani kuwa zaweza kubadilishana nafasi. Historia ya Kariakoo, Dar es Salaam, yaonyesha kuwa sivyo.

Neno fidia limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mali itolewayo kukomboa mtu. Katika lugha ya sheria ni malipo badala ya kitu kilichopotea au kuharibiwa. Mwaka 1849, kwa mfano, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwalipa askari waliopoteza farasi wao katika utumishi wa jeshi. Farasi alikuwa mali yenye bei na mwenyewe. Alipokufa, mwenyewe alilipwa. Hiyo ni fidia.

Huku kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza, farasi hawakudumu. Kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, kilichofika Kondoa Irangi Aprili 1916, kilipoteza wanyama wengi kwa maradhi, yakiwamo yaletwayo na mbung'o. Wanyama wa mizigo nao walikufa vivyo hivyo, na mzigo wa jeshi ukawaangukia wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, mahali Wajerumani walipojenga soko pakafanywa kambi ya wapagazi hao. Kikosi chao, Carrier Corps, kikauachia mtaa jina la Kariakoo.

Wapagazi, wengi wao wakiwa wameshurutishwa, waliahidiwa mshahara. Makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa maradhi. Wengi majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa, hata warithi wasipatikane. Baada ya vita serikali za Afrika Mashariki zilijadiliana na London juu ya mishahara hiyo, lakini sehemu kubwa haikuwafikia wenyewe wala jamaa zao.

Je, fedha hizo ziitweje? Kuziita fidia ni kumhesabu mpagazi kama farasi aliyepotea. Fidia ya kifo ingekuwa dai jingine, juu ya hilo. Fedha hizo ni ujira, yaani deni la kazi iliyokwisha fanywa. Kuziita kifuta machozi ni kosa kubwa zaidi. Istilahi hiyo, pamoja na mwenzake kifuta jasho, hutumika katika kanuni za mwaka 2011 juu ya madhara ya wanyamapori hatari, na maana yake ni mkono wa pole, si malipo ya thamani kamili ya hasara. Wala neno jasho lisimdanganye msomaji: kifuta jasho si mshahara.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili yanayowakumbuka wapagazi pia. Kumbukumbu hiyo ni heshima, lakini haifuti deni.

Basi mfasiri hana budi kuuliza kwanza: alipwaye alipoteza mali, alifanya kazi, au anapewa pole? Akikosea hapo, haki ya mtu hugeuka hisani kwa kalamu yake.