Ua la Usambara Lililotutangulia Ughaibuni

Tunapoadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, waonyesheni watoto ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madukani hapa, lenye majani ya vinyweleo. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Ni la kwetu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilikuta kwenye misitu ya Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen. Mwaka 1893 Wendland aliliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Wasambaa, wenye milima, hawakutajwa. Baadaye wakulima wa maua wa Los Angeles walizalisha aina nyingi, likaenea Marekani nzima.

Huku limejaa madirishani. Kule asili yake ni misitu ya Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, na humea zaidi penye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli. Miti ikikatwa, jua hulikausha. Misitu hiyo inazidi kupungua.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wanetu, mkiulizwa ua hili latoka wapi, jibuni: Usambara. Na mkienda likizo Tanga, pandeni Amani mkalione kwao, ila msiling'oe.

Heri ya Uhuru!