Kutu ya Shilamu

Bibi ndiye aliyeiita kutu. Kiko cha marehemu babu kilikaa miaka kumi na moja kwenye kizingiti cha dirisha la Muheza, jua la asubuhi likikipiga kila siku, na nilipokichukua, shilamu lake lililokuwa jeusi tii lilikuwa limegeuka rangi ya mchuzi wa kisamvu uliolala. "Kimeingia kutu, mjukuu wangu. Kitupe." Nikacheka. Shilamu ni mpira, na mpira unaingiaje kutu? Mimi ni fundi saa, kutu naijua, ni ugonjwa wa chuma. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na hakuna nisichokijua.

Tuelewane kwanza kwa maneno, maana vijana siku hizi husema "mdomo wa kiko" au "mrija". Kwa wazee wa pwani kiko kilikuwa chombo cha maji, kifuu cha nazi au kibuyu. Juu yake lilikaa bori la udongo lenye tumbaku, digali likiushusha moshi majini, shilamu likiutoa kuuleta mdomoni, na ile sauti ya maji yakitokota bila moto ikaitwa malio. Kilipokuja kiko cha kizungu cha kutia mfukoni, kisicho na maji wala malio, watu walikihamishia jina lote. Digali likakosa kazi. Bori na shilamu yakabaki.

Bori la babu ni la nchi hii. Lilitengenezwa Arusha na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyoanza kazi miaka ya 1950 na kuuza viko vyake ng'ambo kwa jina lililo wazi kabisa: Kiko. Alama yake ni tembo. Jiwe lilichimbwa bonde la Amboseli, kwetu likiwa upande wa Sinya, kwenye ardhi ya Wamasai kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro. Ni jiwe jepesi linalonyonya unyevu, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, ingawa Sinya na bahari hawajuani. Lile la Eskişehir, Uturuki, ni jeupe na laini, na wachongaji hulitoa vichwa vya masultani wenye vilemba. Letu ni gumu zaidi na lina ukijivu, kwa hiyo mara nyingi lilipakwa rangi ya kahawia au nyeusi. Wageni wanaonijia dukani na kiko cha namna hii husifu bori hadi watoke jasho. Shilamu hawalitazami, na mimi naona habari ndefu zaidi iko huko.

Zamani mashilamu ya Ulaya yalikuwa ya pembe, mfupa au kaharabu. Pembe hutafunwa ikaisha, na kaharabu ikianguka sakafuni ndiyo basi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena kwa joto wala kukatika kwa baridi. Ndugu yake Nelson akapata hataza mwaka 1851 ya mpira uliotiwa salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama mbao. Mpira wa kawaida hupata sehemu chache tu za salfa kwa mia. Huu hupewa robo hadi theluthi, ukapikwa kwa saa nyingi. Wakauita eboniti, jina lililotokana na miti myeusi ambayo kwetu tungeilinganisha na mpingo. Mwaka huohuo Charles alijenga kwenye maonyesho makubwa ya London ukumbi mzima wenye samani za mpira huo. Alikufa 1860 akidaiwa. Dunia ikaendelea kutengeneza vitana, kalamu za wino, vipokeo vya simu, na mashilamu. Kalamu za wino ndizo zilizonifundisha, maana ule ulimi ulio chini ya nibu zamani mara nyingi ulikuwa wa eboniti.

Mpira wenyewe kwanza ulitoka Amazoni. Bei ilipopanda, Afrika nayo ikachanjwa. Katika Kongo, iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Pili kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa mwituni. Walioshindwa walichapwa, wake zao wakashikwa mateka, watu wakauawa na kukatwa mikono. Kwetu utomvu wa mtoria ulikusanywa Kilwa, Lindi na Mahenge, ukaviringwa madonge na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Ndio mtoria huohuo tuliokula matunda yake utotoni. Wataalamu wa mimea wameupachika jina la John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja. Meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, zilizoanza safari 1890, zilirudi Hamburg, mji uliokuwa na viwanda vya eboniti.

Kisha Wajerumani wakapanda mpira wao huku Tanga na Muheza, mti wa Ceará kutoka Brazili, ndugu wa damu wa muhogo. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa wingi wa mpira wa Asia, na mashamba mengi yakageuzwa ya mkonge. Babu alikuwa karani kwenye shamba mojawapo la mkonge. Miti iliyosalia pembezoni watu waliifanya mboga. Kisamvu cha mpira alichokuwa akipika bibi, kwa nazi, ni majani ya biashara ya watu iliyofilisika.

Nirudi kwenye kutu. Mwanga wa jua huvunja mafungamano ya salfa na mpira. Salfa hutoka juu, hukutana na hewa na unyevu wa mate, ikawa tindikali. Ndiyo ile rangi ya kahawia yenye ukijani na ule uchungu ulimini. Chuma na hewa, salfa na hewa: bibi hakukosea sana.

Mimi ndiye niliyekosea. Nililitumbukiza shilamu usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Asubuhi ukijani umetoka kweli, lakini uso umekuwa kama ganda la chungwa, na yule tembo mdogo mweupe amebaki mgongo na mkonga. Maji ya moto nayo usiyajaribu. Huipandisha rangi mbaya mbele ya macho yako.

Kazi yenyewe ni ya mkono. Kiko kikiwa baridi (kikiwa cha moto ulimi wa shilamu hukatika ndani ya bori, na hapo utanitafuta) unalizungusha taratibu kulitoa. Ndani unapitisha kijiti cha pamba chenye spiriti. Babu alitumia unyoya wa kuku. Nje ni msasa wa maji, namba 400, kisha 600, 1000, hadi 2000. Mafundi wa zamani wa mpingo walimalizia kwa majani makavu ya mti wa msasa, ambao ndio ulioipa karatasi hii jina lake, na mara moja moja bado nayatumia kwa ukaidi tu. Kwenye shingo unavalisha duara la plastiki lililokatwa kwenye kifuniko cha kopo, ili ukingo usiliwe ukaacha pengo kati ya shilamu na bori. Maji yanatoka rangi ya chai, na chumba kizima kinanuka. Bibi alichungulia mlangoni akasema, "Mbona kiberiti?" Ndiyo salfa hiyo, na jina alilotumia ni lake la asili.

Mwisho ni nta. Ya nyuki hunata mkononi. Nzuri ni karnauba, safi, si ile ya kung'arishia magari, maana kitu hiki kinaingia mdomoni. Mti wake, wa jamii ya mnazi, hutoka Ceará, kulekule ulikotoka mpira wa Muheza. Baada ya hapo kifute kila kikivutwa, kisha kiweke kwenye mtoto wa meza, gizani.

Nilimrudishia bibi kiko kinang'aa, nikamweleza habari ya giza mara mbili. Desemba iliyofuata nilikikuta dirishani. Akasema kwenye mtoto wa meza hakioni. Upande wa shilamu uliotazama jua ulikuwa umeshaanza kuwa kijani, nami nikatoa msasa kwenye begi, kwa kuwa nilikuja nao.