Carole Karemera, Mwigizaji Aliyerudi

Hapa Bandari ya Bujumbura, wazee wakizungumza historia huhesabu walioondoka: nani alikimbilia Kigoma mwaka 1972, nani 1993, nani 2015. Waliorudi hawahesabiwi sana. Kwa sababu hiyo nimemchagua Carole Karemera, mwigizaji wa nchi jirani ya Rwanda. Kazi yake inaonyesha kwamba kurudi nako ni historia.

Karemera alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1975, wazazi wake wakiwa Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni. Alisomea uigizaji huko Mons. Jukwaani alishiriki katika Rwanda 94, mchezo wa kundi la Groupov la Liège unaochukua zaidi ya saa tano. Mchezo huo ulifunguliwa na Yolande Mukagasana, muuguzi aliyepoteza mume na watoto wake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Hakuigizwa na mtu. Alikaa mbele ya watazamaji akasimulia mwenyewe. Mwaka 2004 mchezo ulipelekwa Rwanda, ukatazamwa na watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao.

Mwaka 2005 ilitoka filamu ya Raoul Peck, Sometimes in April, iliyopigwa Rwanda. Karemera aliigiza Jeanne, mke wa Augustin, aliyeigizwa na Idris Elba. Mwaka 2007 alipata tuzo Italia kwa filamu ya Juju Factory ya Mkongo Balufu Bakupa-Kanyinda.

Mwenye jina kama hilo angeweza kubaki Ulaya. Yeye alihamia Kigali mwaka 2005, na mwaka 2007 akaanzisha na wanawake wenzake kituo cha sanaa kiitwacho Ishyo. Neno hilo maana yake ni kundi la ng'ombe. Sisi Warundi hatuhitaji mkalimani, kwani salamu yetu "amashyo" humtakia mtu ng'ombe wengi. Ishyo iliandaa michezo ya kuigiza, na basi lililojaa vitabu likawafuata watoto mitaani.

Wapo watakaosema kwamba nchi iliyotoka vitani inahitaji hospitali kabla ya jukwaa. Hospitali ni lazima. Lakini mwaka 2015, jijini Paris, Karemera aliigiza Kunti katika Battlefield ya Peter Brook, iliyotokana na Mahabharata ya Wahindi. Kunti ni mama anayefichua, vita vikiwa vimekwisha, kwamba adui aliyeuawa na wanawe alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mwaka huohuo meli ya Liemba ilikuwa ikiwabeba Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Jeraha la mama kama huyo halina dawa hospitalini; linahitaji mahali pa kusemwa mbele ya watu.

Kwa kuhitimisha, Warundi wengi wamesharudi, na wengine wanaendelea kurudi. Tunaposoma historia yao tusiishie kuuliza walikimbia lini. Tuulize pia walirudi na ufundi gani, na kama tuliwapa mahali pa kuutumia.