Ua moja, rangi tele: kuitambua Gloriosa katika nyasi za Pwani

Masika yakishika, katika nyasi za Shimba Hills na pembezoni mwa vichaka hadi karibu na bahari, huchanua ua ambalo kila aliyeliona hulieleza kivyake. Mmoja atakwambia ni jekundu lenye ukingo wa manjano. Mwingine atashikilia ni la manjano tupu, na wa tatu ataapa aliliona la kijani. Wote wasema kweli. Mmea ni mmoja, Gloriosa superba, jina alilolipa mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Ndilo ua la taifa la Zimbabwe.

Tofauti hizo ziliwasumbua hata wasomi. Waliomfuata Linnaeus walitoa majina mengine, kama virescens na rothschildiana, kila sura na jina lake. Baadaye ilionekana kwamba kati ya sura moja na nyingine kuna mimea ya kila daraja, mpaka haupatikani, na mengi ya majina hayo yakarudishwa chini ya superba.

Kwa maoni yangu, rangi ni shahidi wa kusikizwa mwisho. Anayebisha afunge uzi kwenye shina la ua moja, kisha arudi kulitazama kila asubuhi kwa wiki nzima. Likifunguka huwa na kijani na manjano, kisha wekundu hutanda siku baada ya siku. Kimo nacho hudanganya: kwenye nyasi wazi mmea waweza kukufika magotini tu, ilhali kichakani hupanda ukampita mtu mzima. Hata ukingo wa petali huwa na mawimbi hapa, na kule umenyooka.

Mimi huanza na jani. Ncha yake hurefuka na kujikunja kama mkia wa kinyonga, na kwa hiyo ncha mmea hushika nyasi na matawi. Kisha nalitazama ua kwa ubavu: petali sita zimepinduka kwenda juu, mfano wa mwavuli uliogeuzwa na upepo, na chini yake stameni sita zimetawanyika. Katikati, kile kijiti cha sehemu ya kike hakishuki sawasawa bali hupinda ghafla kwenda upande, kama shingo iliyoteguka. Haya hayabadiliki, ua liwe jekundu au la manjano.

Linalonifanya niandike, lakini, liko chini ya ardhi. Kiangazi kikifika majani hufa, kikabaki kiazi chenye panda mbili, na mwenye jembe aweza kukidhania ni chakula. Kina sumu iitwayo kolkisini. Madaktari huitumia kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo, lakini aliyekula kiazi hicho huanza kutapika na kuharisha baada ya saa chache, na mwili waweza kushindwa kabisa. Kukichemsha hakuiondoi sumu. Aliyekila apelekwe hospitali hapo hapo, bila kungoja dalili, na kipande cha mmea kichukuliwe ili daktari akione.

Kiazi kikuu kina jani la umbo la moyo, na shina lake lenyewe ndilo hujisokota kwenye mti. Jani lake halina mkia. Kwa hiyo kiazi cha mwituni ambacho hukuyaona majani yake, kiache huko huko.

Mbegu nazo zina sumu hiyo hiyo. Tunda likikauka hupasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong'aa, kitu cha kumvuta mtoto kabisa. Aliyeupanda uani kwa urembo na ayakate matunda yangali mabichi.