Malezi ya Kambo Vijijini: Umaskini Pekee Si Sababu ya Kumtenga Mtoto na Familia

Malezi ya kambo ni utaratibu wa kisheria unaompa mtoto aliyekosa uangalizi wa wazazi nafasi ya kuishi na kulelewa katika familia nyingine, kwa kipindi maalumu na chini ya usimamizi wa maafisa ustawi wa jamii. Kwa upande wa Tanzania Bara, utaratibu huo unatokana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 pamoja na kanuni za malezi ya kambo zilizotungwa chini yake mwaka 2012. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011. Msimamizi mkuu wa huduma hiyo Tanzania Bara ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ikishirikiana na halmashauri ambazo ndizo zenye maafisa ustawi wa jamii walio karibu na wananchi.

Kwa kaya nyingi za vijijini, kumlea mtoto wa mwingine ni jambo la kawaida. Bibi huwalea wajukuu walioachwa na marehemu, shangazi humpokea mtoto wa kaka yake, na jirani humhifadhi mtoto aliyetelekezwa hadi ndugu watakapopatikana. Hata hivyo, watoto wengi wa namna hiyo hawajulikani na mamlaka yoyote, na kaya zinazowapokea aghalabu ndizo zenye kipato kidogo zaidi. Hivyo ni muhimu wananchi wafahamu sheria inasema nini, taratibu zikoje, na ni msaada gani unaoweza kuifikia kaya inayolea.

Aina za malezi mbadala

Malezi ya kambo ni mojawapo tu ya njia za kumlinda mtoto asiye na uangalizi. Njia ya kwanza kuangaliwa ni malezi ya ndugu, yaani mtoto kubaki ndani ya ukoo wake. Pale ambapo mtoto anahitaji hifadhi ya dharura, kwa mfano baada ya kufanyiwa ukatili, anaweza kukabidhiwa kwa mlezi wa kuaminika, ambaye ni mwanajamii aliyechunguzwa na kuandaliwa kumpokea mtoto kwa muda mfupi wakati shauri lake linashughulikiwa.

Malezi ya kambo huchukua muda mrefu zaidi, lakini hayakati uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa kumzaa. Mtoto hubaki na jina lake na ukoo wake, na anaweza kurejea kwa wazazi hali ikiruhusu. Kuasili ni jambo tofauti. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na huhamishia kwa wazazi wapya haki na wajibu wote juu ya mtoto kwa kudumu. Makao ya watoto, yakiwemo Makao ya Taifa ya Kurasini jijini Dar es Salaam na Kikombo jijini Dodoma, ni hifadhi inayopaswa kutumika pale ambapo njia za kifamilia hazijapatikana au hazifai kwa mtoto husika.

Mpangilio huo unakwenda sambamba na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ibara ya 20 ya mkataba huo inataja malezi ya kambo, kafala kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, kuasili na, inapobidi, kumweka mtoto katika taasisi inayofaa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inaongeza jambo lenye uzito kwa jamii maskini: hali ya umaskini peke yake haipaswi kuwa sababu ya kumwondoa mtoto katika uangalizi wa wazazi wake. Umaskini ni ishara kuwa familia hiyo inahitaji kusaidiwa.

Kwa nini familia

Umuhimu wa familia umethibitishwa pia na tafiti za kisayansi. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi za kulelea watoto jijini Bucharest, Romania. Nusu yao walipelekwa kwa walezi wa kambo kwa utaratibu wa bahati nasibu, na nusu waliendelea na utaratibu uliokuwapo wakati huo. Waliokwenda katika familia walionesha maendeleo bora zaidi ya akili na uwezo mkubwa zaidi wa kujenga uhusiano na mlezi, na manufaa yalikuwa makubwa kwa waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili.

Sababu yake inaeleweka kwa mzazi yeyote. Mtoto mchanga hujifunza kwa kuitikiwa: akilia anabebwa, akicheka anachekewa, na sauti anayoisikia ni ileile kila siku. Katika makao yenye watoto wengi, wahudumu hupokezana zamu na mtoto mmoja hupitia mikono mingi. Wahudumu wanaweza kuwa na upendo na bidii, lakini mpangilio wa kazi hauwaruhusu kuwa mzazi wa kila mtoto. Msisitizo huo juu ya miaka ya mwanzo ndio uliomo pia katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwezi Desemba 2021.

Nguvu ya mila na mipaka yake

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ukweli wa msemo huo ulionekana mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, watoto wengi walipoteza baba na mama, na waliowapokea kwa sehemu kubwa walikuwa mabibi, mababu na ndugu wengine wa ukoo. Familia za vijijini, nyingi zikiwa na shamba dogo la migomba na kahawa, zilibeba mzigo ambao hakuna taasisi ingeweza kuubeba peke yake.

Pamoja na nguvu hiyo, mapokezi ya kimila yasiyojulikana na mamlaka yana hatari zake. Mtoto anaweza kupokewa kwa jina la undugu, kumbe anatafutwa mchungaji wa mifugo au mtumishi wa ndani. Anaweza kuhamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine bila mtu yeyote kuuliza kama anasoma. Shamba au nyumba iliyoachwa na wazazi inaweza kugawanywa na wakubwa kabla yeye hajafikia umri wa kuidai. Bibi mlezi naye anaweza kuugua au kufariki dunia, na mtoto akabaki bila mpango wowote.

Sheria ya Mtoto inagusa hatari hizo moja kwa moja. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18 na kuelekeza kuwa maslahi yake ndiyo ya msingi katika kila uamuzi unaomhusu. Inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake, inakataza ubaguzi na kazi za kinyonyaji, na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuruhusiwa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Ulinzi huo humfikia mtoto kwa urahisi zaidi pale anapokuwa ameandikishwa na afisa anajua anaishi wapi na kwa nani.

Hatua za kuomba kuwa mlezi wa kambo

Maombi huelekezwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mwombaji. Kwa mwananchi wa kijijini, mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au ya kata, ambako ataelekezwa kwa afisa husika.

Baada ya kupokea maombi, afisa huitembelea nyumba ya mwombaji na kuandaa taarifa. Huangalia mwenendo wa mwombaji, afya yake, uhusiano ndani ya kaya, mahali mtoto atakapolala, umbali wa shule na zahanati, na iwapo mwenza na watoto wa nyumba hiyo wameridhia. Mtoto mwenyewe husikilizwa kulingana na umri na uelewa wake. Inapowezekana, ndugu wa damu huwekwa pamoja, na mtoto hupelekwa mahali ambapo lugha, dini na mazingira hayamfanyi kuwa mgeni kabisa.

Nyumba ya udongo na jembe la mkono havimwondolei mwombaji sifa. Kinachopimwa ni usalama, utulivu na nia ya kumtendea mtoto sawa na watoto wa kuzaa. Wakati huohuo, nia njema haitoshi kuchukua nafasi ya uchunguzi. Anayemkabidhi mtoto kwa mtu asiyechunguzwa, hata kwa huruma, anaweza kumweka katika hatari kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

Baada ya mtoto kukabidhiwa, ufuatiliaji huendelea. Afisa hufika nyumbani, huzungumza na mlezi na mtoto, na hupata taarifa za shule na kliniki. Endapo malezi hayaendi vizuri, mtoto anaweza kuondolewa na kupangiwa mahali pengine.

Msaada kwa kaya inayolea

Malezi ya kambo si ajira na hayana mshahara. Kwa kaya inayotegemea mvua moja na debe chache za mahindi, mdomo mmoja zaidi ni gharama halisi. Kwa sababu hiyo, kaya inayolea inapaswa kufahamu huduma za umma inazoweza kuzifikia.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaotekelezwa na TASAF hutoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa na jamii yenyewe kupitia mkutano wa kijiji, na unahimiza watoto kuhudhuria shule na kliniki. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne inatolewa bila ada katika shule za Serikali tangu mwaka 2016, na msamaha huo ulifika kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa fedha 2022/2023. Sera ya afya inawasamehe watoto wenye umri chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya umma. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, husajili vizazi, na kwa watoto wa umri huo usajili umesogezwa hadi ofisi za kata na vituo vya tiba. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa mtoto anapopokewa, kwa kuwa kinathibitisha umri wake na wazazi wake, na humsaidia pia katika kudai urithi.

Msaada kama huo unaotolewa mapema unaweza pia kuzuia mtoto kuondoka nyumbani kwao. Mama mjane anayefikiria kumpeleka mwanawe katika makao kwa sababu ya njaa hahitaji mtu wa kumchukulia mtoto. Anahitaji njia ya kumlisha akiwa naye.

Uzoefu wa nchi jirani

Rwanda ilianza mwaka 2013 programu iitwayo Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, kwa lengo la kuwaondoa watoto katika taasisi na kuwarejesha kwa ndugu au kuwakabidhi kwa walezi wa kambo, ambao huko hujulikana kama malayika murinzi, kwa maana ya malaika mlinzi. Kenya nayo ilitunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inayotambua malezi ya kambo pamoja na kafala, na ikazindua mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka taasisi kwenda familia na jamii. Nchi zote mbili zinakabiliana na swali lilelile lililopo Tanzania: familia hazikosekani, bali zinahitaji kuandaliwa, kutembelewa na kusaidiwa.

Wajibu wa jamii

Sheria ya Mtoto inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Inamtaka pia kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi au mlezi anashindwa kumtunza mtoto ilhali ana uwezo, atoe taarifa kwa mamlaka hizo. Mahali pa kuripoti ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au Huduma ya Simu kwa Mtoto kwa namba 116, ambayo haina malipo.

Kaya ambayo tayari inamlea mtoto wa ndugu au jirani inashauriwa kutosubiri matatizo. Itoe taarifa ofisi ya kijiji, imwone afisa ustawi wa jamii, ihakikishe mtoto ana cheti cha kuzaliwa na ameandikishwa shule, na kama wazazi wake waliacha mali, iorodheshwe mbele ya mashahidi mapema.