Shikizi, Boma na Mtoro: Maneno ya Shule za Mbaha

Marekani ina maeneo ya shule zaidi ya 12,000, na mengi ni madogo, ya mashambani. Kila eneo lina mpaka wake, bodi yake ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, na mara nyingi kodi yake pia. Kiswahili hakina jina la kitu kama hicho kwa sababu sisi hatuna kitu chenyewe. Ukisema "wilaya ya elimu", msikilizaji wa Mbaha atafikiri unamzungumzia mkubwa fulani huko makao makuu ya wilaya, Mbamba Bay. Kwake shule ni mambo ya kijiji, na vijiji hukutana kwenye kata.

Mbaha ni kata ya pwani ya mashariki ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kumega ni kitenzi cha sinia la ugali, na mimi hufurahi kwamba ramani zetu huchorwa kwa kitenzi hicho: anayemega huwa ameketi na wenzake wanaokula naye. Neno kata nalo lina ukoo mpana. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba mbali na kipande cha nchi ni pia kibuyu au kifuu cha kuchotea maji, na ni lile duara la majani au kitambaa analoweka mwanamke kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Hizo maana mbili za mwisho zinahusu kubeba na kugawa. Sijui kama waliolichagua neno hilo kwa ajili ya utawala walizifikiria, lakini kwa habari ya shule zinafaa kuliko maana ya kwanza.

Shule ya kata ilipata jina lake katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, lengo likiwa kila kata iwe na sekondari yake. Kabla ya hapo, mtoto wa pwani hii aliyefaulu darasa la saba alikuwa na nafasi chache sana, na nyingi zilikuwa mbali na kwao. Shule zikajengwa mbiombio. Nyingi zilifunguliwa bila maabara, bila nyumba za walimu, na walimu wa sayansi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mjini watu wakazibandika jina la yeboyebo, vile viatu vya plastiki vya bei ya chini. Dharau ile ilinichoma wakati ule na inanichoma hadi leo, kwa kuwa iliwaangukia waliosomba mawe na mchanga. Waliopanga shule ifunguliwe kabla haijawa tayari haikuwagusa. Manesi na walimu wengi tulio nao sasa wamepita katika shule hizo.

Lakini neno linalonikalisha macho ni shikizi.

Shule shikizi huzaliwa pale kitongoji kinapokuwa mbali na shule ya kijiji, au kunapokuwa na mto katikati ambao masika haumruhusu mtoto wa miaka sita kupita. Wazazi husimamisha darasa moja au mawili, wakatafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne ajitolee kufundisha, kisha wakaomba watambuliwe. Watoto husoma pale awali na madarasa ya mwanzo, na majina yao huandikwa katika daftari la shule kubwa, ambayo huitwa shule mama. Wakikua kidogo na kuweza mwendo, wanahamia kwa mama. Hakuna ofisi ambayo ingeweza kubuni jozi hii ya maneno ikiwa imekaa peke yake. Imetoka kwa watu wanaojua mtoto hubebwa hadi lini.

Shikizi inatokana na kushikiza, kufanya kitu kishike kwa muda. Fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa mishono mirefu milegevu kabla ya kukipitisha kwenye mashine, na nguo ikikamilika, ile mishono huchomolewa. Vijana nao husema "nimejishikiza mahali" wakiwa na kibarua cha kusogezea siku huku wakitafuta kazi yenyewe. Katika matumizi yote haya kuna ahadi ya wakati: kinachoshikizwa kitakuja kushonwa. Mwaka 2021 serikali ilipoamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, vyumba 3,000 kati ya hivyo vilitengwa kwa ajili ya shule shikizi. Idadi hiyo peke yake inaonyesha kwamba shikizi si jambo la kona moja ya ziwa. Inanifanya pia niulize swali ambalo ni la lugha na la maisha kwa pamoja: mshono wa muda unaweza kukaa miaka mingapi na bado ukaitwa wa muda? Mtoto anayeanza darasa la kwanza hashikizwi. Mwaka wake wa kujua kusoma ni huohuo mmoja.

Boma lina historia ndefu zaidi. Kwanza lilikuwa ua wa miti au miiba wa kukinga watu na mifugo. Wajerumani walipoteka nchi, boma likawa ngome ya mkoloni, mahali pa kulipia kodi na pa kuchapwa viboko, na majengo yake bado yamesimama Arusha, Bagamoyo na Mikindani. Baada yao ofisi ya mkuu wa wilaya ikaendelea kuitwa bomani. Leo, ukikaa katika mkutano wa kijiji au ukisikiliza maswali ya wabunge Dodoma, boma ni kitu kingine kabisa: kuta za darasa ambazo wananchi wamezipandisha hadi kwenye lenta, halafu zikasubiri. Zinasubiri halmashauri ilete fedha za kupaua na kuezeka, kuweka sakafu na milango. Wingi wake, maboma, umekuwa neno la bajeti.

Naona katika safari ya neno hili jambo kubwa ambalo hatujalitazama vya kutosha. Boma lilikuwa la serikali na lilimtisha mwananchi. Sasa boma ni la mwananchi, na serikali ndiyo inayodaiwa. Katika taarifa za ujenzi kuna mstari unaoitwa "nguvu za wananchi", na humo hutiwa tofali zilizochomwa, mchanga, kokoto, na maji yaliyobebwa na akina mama kwa kata zile za kichwani. Mvua zikipita juu ya kuta zisizo na paa, kinachomomonyoka ni nguvu hizo.

Nguvu hizo zinahitaji pia mahali pa kushauriana. Juu milimani, kwa Wamatengo, majirani wa watu wa pwani hii, kulikuwa na sengu: watu wa ukoo walikusanyika kula pamoja, na baada ya kula wakazungumza mambo yao, mashauri na malezi. Kamati ya shule ni chombo kizuri, na sheria inakitaka. Lakini ningependa siku moja kamati mojawapo katika Mbinga au Nyasa ijiite sengu na ianze kikao chake kwa sinia.

Neno shule lenyewe ni mgeni aliyelowea. Mfuate mvuvi anayelizunguka ziwa: Malawi mtoto huenda sukulu, neno la Waingereza lililovishwa kanga, Msumbiji huenda escola ya Wareno, huku kwetu huenda shule, ambayo ni Schule ya Wajerumani. Wajerumani haohao waliipa bandari ya Liuli jina la Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Jina lile limekufa, Liuli imebaki Liuli, na shule imebaki shule. Hata hivyo, waliofundisha vijiji vingi vya pwani hii kusoma walikuwa wamisheni wa Kianglikana waliokuja kwa meli kutoka kisiwa cha Likoma, na walimu wa Kiafrika waliowaacha vijijini. Mmoja wa wamisheni hao, William Percival Johnson, alizeeka akizunguka vijiji vya ziwa hili na akafia Liuli mwaka 1928.

Kuna neno moja ambalo ningelitoa katika daftari la mahudhurio kesho kama ningekuwa na uwezo. Ni mtoro. Karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na misafara ya watumwa ilivuka ziwa hilihili kuelekea Kilwa. Leo tunamwandikia neno hilo kijana aliyekesha majini na taa, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza la mwezi, na ambaye saa moja asubuhi hakuweza kuwa dawatini. Neno la kitaalamu lililokuja kusaidia, mdondoko, lina kasoro nyingine: linamfanya mtoto adondoke kama embe bila mkono wa mtu. "Hakuhudhuria" linatosha, kisha pembeni iandikwe sababu. Sababu zikiandikwa mwaka mzima, mwalimu mkuu ataona kama zinafuata mwezi, na huenda akapata la kuwaambia wazazi wanaomiliki mitumbwi.

Nimesema mwalimu mkuu kwa makusudi. Katika shule ya msingi ya Tanzania, anayeongoza ni mwalimu mkuu. Katika sekondari ni mkuu wa shule, na neno mwalimu limeanguka njiani, cheo kikafanana na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Mratibu elimu kata naye siku hizi ni afisa elimu kata. Mratibu hupanga mambo yakae sawa. Afisa ana ofisi. Kijijini watu hawajali sana mabadiliko hayo. Wote huitwa Mwalimu, na shikamoo hutangulia.

Kwa shikizi na boma sitaki maneno mapya. Nataka tarehe. Kila orodha ya shule za kata, ya Mbaha na ya nyingine zote, iandike mbele ya shikizi mwaka ilipoanza, na mbele ya boma mwezi na mwaka kuta zilipofika kwenye lenta, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kata, na isomwe kwa sauti katika kila mkutano wa hadhara kabla ya mwenyekiti kuomba mchango mwingine.