Madiwani wa Mbulu na Hanang: Miaka 40 na Ushei

Agosti 1960 TANU ilizoa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akagombea bila tiketi ya chama. Akashinda. Wimbi la uhuru lilikuwa limepamba moto, lakini Mbulu hawakukubali kuchaguliwa mtu.

Lakini ukaidi wa aina hiyo haukuziokoa halmashauri za wilaya: mwaka 1972 zilifutwa nchi nzima na kazi zake zikahamia kwa maofisa wa serikali. Mpango wenyewe uliitwa Madaraka Mikoani, ingawa diwani ndiye aliyebaki hana pa kukaa. Sheria namba 7 ya 1982 ikazirudisha halmashauri, na Januari 1984 zikaanza kazi upya. Umri wa mabaraza ya leo huhesabiwa tangu hapo, likiwemo la Hanang, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu. Mwaka 2015 Mbulu nayo ikapata halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya.

Kila robo mwaka madiwani huvaa majoho wakaingia ukumbini. Kwanza husomwa taarifa za kata: darasa lisiloezekwa, bomba lililokauka, barabara iliyokatwa na mvua. Kisha huja hoja zilizokwisha kuchambuliwa kwenye kamati. Yenye ubavu ni ya Fedha, Uongozi na Mipango, inayokutana kila mwezi. Hoja ya fedha iliyokwama huko ni nadra kufurukuta barazani. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa kikao, huteuliwa na Rais. Basi diwani anapouliza fedha za zahanati zimekwenda wapi, anayejibu si mwajiriwa wake, na hapo ndipo vikao hupata joto.

Viti maalumu vya wanawake barazani huenda vikaonekana jambo geni. Wabarbaig wa Hanang, hata hivyo, walikuwa na girgwageda gademg tangu zamani: kikao cha wanawake pekee, kivulini mwa mti, wakimhukumu mwanamume aliyevunja heshima ya wanawake. Faini ililipwa kwa ng'ombe. Aliyekaidi alilaaniwa na kikao kizima, wala hapakuwa na mkurugenzi wa kumkimbilia.